Bati Jekundu la Morris

Castory, fundi bodi wa Old Korogwe, alikuwa na kanuni moja ya ununuzi: ukikitaka kitu, kiponde. Ukikitaka sana, kiponde mpaka mwenye mali akuonee huruma. Basi alipoikuta ile Morris ya wazi nyuma ya zizi la mbuzi kule Sindeni, baada ya kuisaka miezi minane, aliguna tu, akapiga gurudumu teke.

"Mzee, hili gari au kiota?"

Kweli kuku alikuwa ameatamia kwenye kiti cha nyuma. Lakini moyoni Castory alikuwa anacheza ngoma. Lilikuwa lenyewe, gari la meneja wa shamba la mkonge, lililompeleka mama yake kanisani siku ya harusi. Meneja alimwazima gari dereva wake, Gregori, kwa kuwa ndiye aliyekuwa bwana harusi. Njia nzima upepo uliitaka shela ya bibi harusi, Hilaria, na njia nzima Gregori, aliyeketi naye nyuma, aliibana kichwani kwa mkono wake. Mwaka jana Gregori alifariki. Tangu hapo Bibi Hilaria haombi dawa wala uji. Anaomba kupanda lile gari mara moja tena kabla hajamfuata mumewe, na daktari alikwisha kumvuta Castory pembeni, akamwambia asichelewe.

Mwenye gari, Mzee Mhina, ambaye baba yake alilinunua mnadani shamba lilipofungwa, alikuwa mtu mpole, anayesikiliza. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Halina paa," Castory alisema. Akazunguka upande wa pili. "Paa halina." Akatazama juu, akasikitika. "Mvua ikinyesha mimi nifanyeje, nijitwishe ungo?" Bei ikashuka. Walipokuwa wanapeana mikono akaongeza, kwa uroho tu, "Basi tu mzee, lakini gari bila paa!"

Wakakubaliana arudi baada ya wiki mbili, kuku akishaangua.

Aliporudi na lori la Fuso, vifaranga walikuwa tisa na gari lilikuwa na paa. Si turubai. Bati la msauzi la kuezekea nyumba, jekundu, juu ya fremu ya vyuma iliyochomelewa pande zote nne, lenye mteremko kidogo nyuma na mfereji wa kukinga maji ya mvua.

"Ulilalamika mara nne," Mzee Mhina alisema. "Nilihesabu. Nikaona si ungwana kumwuzia mtu gari la kumlowesha. Usinipe kitu, ni zawadi."

Castory aligonga bati kwa kidole. Mtu amekupa bati geji ishirini na nane, utamwambia nini?

"Ahsante, mzee."

"Twende wote. Nataka nione mama akilifurahia."

Loo! Njia nzima mpaka Korogwe Castory alikaa kwenye Fuso akiwa na hamu ya kulia, na Mzee Mhina pembeni yake akimweleza faida za mfereji.

Wakalishusha gari mbele ya nyumba. Bibi Hilaria akabebwa, akakalishwa kiti cha nyuma, upande wake uleule. Akalipapasa lile bati juu ya kichwa chake.

"Nani kanijengea kibanda?"

"Mimi, mama. Shikamoo. Mhina, wa Sindeni."

"Mzigua?"

"Mzigua."

"Nilijua!" Sauti ile Castory hakuwa ameisikia tangu msiba wa baba. "Mzigua ukimpa gari anakaa humo na mbuzi wake! Bandua uchafu wako, mtani, mimi Mnyamwezi!"

Castory alitamani ardhi ipasuke. Yeye ni Mbena kwa baba, utani huo wa Wazigua na Wanyamwezi hana. Lakini Mzee Mhina uso ulimchanua.

"Mnyamwezi! Babu zako wamebeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikawa bapa, leo unanifundisha gari?"

"Bandua! Na faini yako utanisukuma."

Mzee Mhina akavua koti, akaomba grainda. Alikata mwenyewe nguzo zote nne, bibi akiwa amehamishiwa kivulini anamtukana na yeye anajibu, wote wawili wakicheka mpaka machozi. Injini ilikuwa haijafunguliwa hata nati moja, ingetaka miezi. Bibi alisema miezi hana, wasukume.

Njia ya kuelekea mtoni ina mteremko. Bibi akarudishwa kitini, Mzee Mhina akashika nyuma, Castory akashika usukani kwa nje huku akikimbia. Gari likalia, likakubali. Upepo ukaja, mdogo, wenye vumbi, ukaingia chini ya kilemba cha Bibi Hilaria na kuanza kukifungua.

Castory akanyoosha mkono mmoja nyuma haraka, akakibana kichwani.

"Toa mkono," mama alisema.

"Kitapeperuka, mama."

"Baba yako alinishika hivyohivyo mpaka kanisani, sikuusikia upepo hata kidogo. Miaka sitini sikumwambia. Toa mkono, mwanangu."

Akautoa. Kilemba kikaruka, kikampita Mzee Mhina, kikaangukia majanini. Mzee Mhina akakitazama, akaendelea kusukuma.