Dirisha la Chumba cha Kushonea

Mtaa mzima ulimwita Cheche, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi iliyompa sifa ilikuwa nondo za madirisha. Ukipita mtaani ukaona dirisha ambalo hata paka angefikiria mara mbili kabla ya kulijaribu, ujue mkono wake umepita hapo. Alikuwa na maringo ya kazi, hilo hatutamfichia. Mteja akiuliza kama mwizi ataweza kuzikata, alimjibu kwamba mwizi ataanza akiwa kijana na atamaliza akiwa mzee.

Dada yake alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea Cheche tangu akiwa na miaka saba, walipobaki wawili tu duniani, na alimsomesha kwa sindano na uzi. Kwa hiyo mwizi alipoingia kupitia dirisha la chumba cha kushonea na kuondoka na cherehani mbili na vitambaa vya watu, Cheche aliona ametukanwa yeye. Alifunga karakana siku tatu kwenda kumfanyia kazi dada. Wateja wa kawaida aliwawekea nondo za milimita kumi na mbili. Za dada alichagua za kumi na sita, akazichimbia ukutani shubiri nzima kila upande, akazimiminia zege.

Siku ya pili dada alimletea maji ya kunywa, akasimama kumwangalia.

"Hili la hapa," alisema, "huwezi kuliwekea bawaba na kufuli kwa ndani? Liwe linafunguka."

"Lifunguke ili iweje?"

"Wale watu wa ofisi ya matetemeko walikuja kwenye kikundi chetu cha ushonaji. Wanasema mlima wa moto umeanza kujigeuzageuza, ardhi itatikisika siku yoyote. Kila chumba kiwe na njia mbili za kutokea, na hiki kina mlango mmoja tu."

Cheche alicheka mpaka miwani yake ya kazi ikamteleza puani. "Dada, tetemeko linakuja mara moja katika maisha ya mtu. Mwizi anakuja akijisikia. Ukimwekea bawaba, mtandikie na zulia basi."

Dada naye alicheka, maana walikuwa watu wa kutaniana. Lakini wiki iliyofuata alilirudia tena, kwa upole zaidi, na Cheche akamwambia, "Nitakuja nilitazame," kwa sauti ile ambayo wote tunaitumia tukiwa hatuna nia ya kwenda. Ilikuwa kazi ya bawaba mbili na saa moja, na bawaba zilikuwamo kwenye debe pale karakanani. Hakwenda wiki ile, wala mwezi ule, na dada hakuuliza tena.

Tetemeko lilikuja miezi minane baadaye, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Cheche aliona mitungi yake ya gesi ikianguka na fremu za milango zikitembea zenyewe sakafuni. Lilipotulia hakungoja kuhesabu hasara. Alichukua msumeno wa kukatia chuma na mabapa mawili ya akiba, kwa sababu alishajua umeme umekatika na kwamba mashine zake zote za kukatia zimegeuka mapambo, akakimbia.

Sebule ya dada ilikuwa imelala chini. Ukumbi wa kwenda nyuma ulikuwa umejaa matofali hadi juu. Chumba cha kushonea kilikuwa bado kimesimama, kwa ukaidi tu, na ufa mpana ulikuwa umeshuka kutoka kwenye paa hadi kwenye kona ya dirisha. Nyuma ya nondo alisimama dada yake, mzima, kichwa cheupe kwa vumbi.

"Niko salama," alisema. "Ni mlango tu."

Jirani mmoja alikuja na nyundo kubwa. Cheche akamzuia, ukuta ule ukipigwa mara moja ungemwangukia aliye ndani. Jirani mwingine alikwenda kutafuta jenereta. Waliobaki walianza kuondoa matofali upande wa ukumbi, moja moja, kwa mikono. Cheche akaweka msumeno kwenye chuma chake mwenyewe na kuanza kukata.

Nondo zake zilikuwa nzuri. Kwenye nyumba ya pili kutoka pale, dirisha la milimita kumi na mbili alilolitengeneza mwaka uliopita lilikuwa limeshang'olewa kwa mtaimbo, na baba wa nyumba ile alikuwa nje anapepewa. Cheche aliliona lile kwa pembe ya jicho. Alikuwa amempa dada yake chuma bora kuliko cha mtu yeyote mtaani, na sasa kilikuwa kinamlia meno ya msumeno.

Bapa la kwanza lilikatika kabla hajamaliza sehemu ya juu ya nondo ya kwanza. Akafunga la pili. Ngozi ya viganja ilianza kuchubuka, kisha damu ikaufanya mpini uteleze. Dada yake alichana kipande cha kitambaa kutoka kwenye gauni la mteja, akakipitisha katikati ya nondo.

"Zungushia mkononi," alisema.

"Huyu mteja atakuja juu."

"Nitamwambia panya."

Alikata. Alikuwa anasubiri dada aliseme lile neno. Kila alipoinua macho na kukutana na yake, alilisubiri: si nilikwambia? Angelisema, pengine ingekuwa nafuu. Angejibu, angejitetea, angelia. Dada hakulitaja. Alimuuliza kama karakana imepona. Alimuuliza kama amekula. Nondo ya kwanza ilipotoka, alijaribu kupita. Kichwa kilipita, mabega yakakataa, wakacheka kidogo wote wawili kwa sababu alikuwa amenenepa na alikuwa hapendi kuambiwa.

"Bado moja," Cheche alisema. "Juu na chini, basi."

"Kunywa maji kwanza, mdogo wangu. Chuma hakikimbii."

Alikataa maji. Alimaliza kukata juu, akapiga magoti kukata chini, na alikuwa amefika katikati ya nondo wakati ardhi ilipotikisika tena. Halikuwa tetemeko kubwa. Mtu angehesabu hadi sita na lingekuwa limekwisha. Wanaume wawili walimvuta Cheche kwa mkanda wa suruali, na ukuta ukaanguka kwa ndani, na paa likafuata.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Cheche hakuvunjika hata ukucha.

Dada alikuwa na binti mmoja, aliyefanya kazi ya maabara katika hospitali ya mji mwingine. Alifika kesho yake, na kabla hajamwona mama yake alishasimuliwa na mtaa mzima jinsi mjomba alivyopigana na chuma. Wakamwonyesha mikono ya Cheche iliyofungwa bandeji. Msichana aliishika ile mikono na kuilaza kwenye shavu lake. Kwenye mazishi alisimama mbele ya watu na kusema kwamba mama yake hakufa peke yake, kwamba mdogo wake aliyemlea kwa mikono yake ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho. Watu wakalia. Cheche aliangalia viatu vyake.

Waliosema majuto ni mjukuu hawakukosea, ila hawakutuambia kwamba mjukuu huyo akija haagi. Alikaa na Cheche mezani, akalala naye. Kila mtu aliyempa mkono wa pole na kumwita shujaa alimwongezea tofali kifuani. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kuhusu zile bawaba. Angeweza kunyamaza, na mpwa wake angebaki wake, ndugu pekee aliyesalia. Akisema, huenda angempoteza. Alilipima jambo hilo kwa wiki tatu, na mwishowe akajiambia kwamba mtoto ana haki ya kujua mama yake alikufaje.

Mpwa alikuja karakanani kuaga, kwani likizo yake ilikuwa imekwisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa kidogo."

Akamwambia yote. Mama yake aliomba dirisha lifunguke, aliomba mara mbili. Yeye alimcheka mara ya kwanza, na mara ya pili alimdanganya. Hakupunguza kitu. Msichana alisikiliza akiwa ameukumbatia mkoba wake mapajani. Cheche alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Tuseme ukweli, mahali fulani ndani yake alikuwa amejiandaa hata kwa msamaha.

"Kwa nini umeniambia?" mpwa aliuliza.

"Ulikuwa na haki ya kujua."

"Nilikuwa na mama aliyeuawa na tetemeko, na mjomba aliyemkatia chuma mpaka mikono ikachanika. Hao walinitosha, mjomba. Usiku nilikuwa napata usingizi." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Sasa huyu mjomba mwingine uliyeniletea nitamweka wapi?"

Msichana aliinuka, akautundika mkoba begani, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, alimwambia abaki salama. Cheche alisimama mlangoni akamtazama akienda mpaka akakata kona. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya tetemeko kifua chake kilikuwa chepesi, akavuta pumzi hadi mwisho, na aliona haya, kwa sababu mzigo wake alijua nani amekwenda nao.