Mtufaha Uliopinda

Wanasema hasidi hana sababu. Hester Pym alikuwa nayo, na sababu yenyewe iliitwa Lavinia: miezi minne tu katika nyumba ya kutungia kamusi, na tayari mhariri anamwita "macho yetu". Hester alikuwa amekaa miaka kumi na moja akifukua vitabu vikuukuu vya Kiingereza, na hajaitwa hata pua.

Mwaka ule Hester aling'ang'ania neno moja lililokwisha kufa, wough. Wazee wa kale walilitumia kwa maana ya kosa au dhuluma. Yeye akadai kwamba mwanzoni lilimaanisha kitu kilichopinda, kisha likahamia kwenye matendo ya watu, kama sisi tusemavyo mambo yamekwenda kombo.

"Maneno matupu hayo, Bi Pym," alisema mhariri. "Niletee sentensi ya kale yenye kitu kilichopinda. La sivyo, Ijumaa nachapa 'asili haijulikani'."

Jumatano, Hester akifungua barua, akakuta karatasi yenye wino wa zambarau. Wino wa Lavinia, aliyekwenda kwao kumwuguza baba yake. Alikuwa amenakili hati ya mpaka wa shamba la watawa, ya miaka mia tisa nyuma: mpaka unapita kwenye mtufaha ulio wough. Mti hautendi dhambi, mti hupinda. Ushahidi ndio huo, na aliyeupata ni kitoto kile. Sifa zingemwendea Lavinia, si Hester. Jina la mgunduzi huandikwa nyuma ya karatasi, lakini hakuigeuza. Ya nini, naye anaujua wino?

Ukutani palikuwa na vijumba elfu mbili vya kuwekea karatasi, na iliyoingia kijumba kisicho chake haionekani tena. Akafumba macho, akaichomeka popote.

Ijumaa kurasa zikaenda mtamboni. Jumatatu Lavinia akarudi, akamfuata kwenye chai.

"Dada Hester, mbona wameandika haijulikani? Barua yangu haikufika?"

"Barua gani, mwenzangu?"

"Ya mtufaha. Nilikusikia ukibishana na mzee, nikasema huyu anaonewa. Nikapekua makabati ya kanisa la baba mpaka vumbi likanitoa machozi." Akapuliza chai yake. "Nyuma nikaandika jina lako. Wazo si lako? Mimi nilitafuta mti tu."

Hester akaweka kikombe chini. Akaenda ukutani, akaanza na kijumba cha kwanza, juu kushoto.