Kiboko wa Baa ya Erina

Miaka ile, mwanamume wa Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, aliyechelewa kurudi nyumbani hakuwa na haja ya kutunga uongo. Alisema tu kwamba kiboko alikuwa njiani, na mkewe akampakulia chakula.

Kiboko mwenyewe alikuwa wa kweli. Kila jua likishuka alitoka ziwani, akapanda polepole kama mtu aliyeshiba mamlaka, akasimama kwenye majani kati ya baa ya Erina na nyumba za watu, akala mpaka akinai. Wateja walimwita Mwenyekiti, kwa sababu ya tumbo, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Wao wakabaki baa. Wangefanya nini?

Aliyempenda Mwenyekiti kuliko wote alikuwa Jonan Baluku, mtu wa Bwera aliyeshuka ziwani kwa biashara ya samaki. Alinunua tilapia asubuhi, akawauzia wasafiri kwenye njiapanda ya Kikorongo mchana, na jioni alikuwa kwenye benchi la Erina pamoja na wenzake wawili: Afande Okot, mwanajeshi mstaafu aliyetoka kambi ya Kasese akasahau kurudi kwao kaskazini, na Semu, fundi wa mitumbwi. Nyumbani alikuwa na mke, Ronah Kabugho, mwanamke asiyeuliza sana lakini asiyesahau jibu.

Mvua za mwaka 2013 ziliotesha majani mabichi upande wa pili wa kijiji, na Mwenyekiti akahamia huko. Jioni ya kwanza wale watatu walisimama mlangoni wakaitazama njia. Ilikuwa nyeupe, tupu, mpaka nyumbani. Jonan alihisi huzuni kama ya mtu aliyefukuzwa kazi.

Okot ndiye aliyeokoa jahazi. "Keti," aliamuru. "Adui haionekani. Hiyo ndiyo mubaya zaidi."

Wakaketi. Erina, mwenye baa, akawaletea chupa bila kuuliza lolote, maana biashara ni biashara.

Mambo yakaenda hivyo wiki baada ya wiki, hadi Ronah alipoanza kushangaa. Maharage yake kando ya njia yalikuwa yanastawi bila kukanyagwa. Asubuhi moja akamwekea mumewe chai, akamwambia kwa upole, "Kiboko gani hii, inakula kila siku na haiendi choo?"

Jonan alikunywa chai yote ikiwa moto ili asilazimike kujibu.

Jioni ile baraza la benchi likakaa. Semu akachonga gogo likawa unyayo wa kiboko wenye vidole vinne, kazi safi kabisa, akalitia mpini mrefu kama wa mchi. Jonan akawa analigandamiza kwenye matope kila magharibi, huku Okot akirusha samadi ya ng'ombe kwa koleo huku na huku, kama kiboko anavyofanya kwa mkia. Kisha Okot akagundua kwamba akingurumia ndani ya jerikani tupu, sauti inatoka nzito na ya kutisha. Kuanzia hapo hakushikika. Alinguruma hata wakati ambao hakuna aliyemwomba.

Ronah alimpigia simu baba yake, Mzee Asanasio, akampa habari za nyumbani, na katikati ya habari akamtajia kiboko. Mzee huyo alilima kahawa milimani juu ya Bwera, alikuwa mzee wa kanisa, na maisha yake yote hakuwa amemwona kiboko. Wiki hiyohiyo akateremka na jogoo kwapani, akitaka kumwona mnyama anayemzuia mkwewe kurudi nyumbani.

Jonan alimpokea kwa mikono miwili. Jioni akamwongoza hadi kwenye nyayo. Ronah alifuata nyuma, pamoja na Amoding, mwanamke wa Teso aliyekuwa askari wa mbuga, ambaye Ronah alikuwa amemwomba aje ampe baba maelezo.

Amoding alichuchumaa. Akatazama unyayo, akaenda kwenye wa pili, wa tatu, akarudi.

"Mzee," alisema, "kiboko huyu ana miguu minne, na yote ni ya mbele kushoto."

Mzee Asanasio aliuliza kama huo ni ugonjwa. Kabla Amoding hajajibu, ngurumo kubwa ikatoka kichakani nyuma ya baa. Mzee akamshika mkwewe mkono. Ngurumo ikaja tena, ikakatika katikati, ikageuka kikohozi cha tumbaku kisichoisha, kisha ikasikika sauti ya mtu akitema mate.

"Na ana kifua," akasema Amoding.

Jonan alitamani ziwa lipande limchukue. Alimtazama mkewe. Ronah alikuwa ameuma kitenge, mabega yakitikisika. Mzee Asanasio naye alicheka mpaka akaomba mahali pa kukaa, na mahali pa karibu palikuwa benchi la Erina.

Hapo ndipo adhabu ilipoanza. Mzee alionja pombe ya ndizi ya Erina, akasema ni kwa ajili ya safari. Kesho yake akasema ni kwa ajili ya mgongo. Okot akamsimulia vita vyake vyote, na Semu akaanza kumchongea bakora. Jonan hakuweza kukaa hapo, kwa kuwa mkwe halewi mbele ya baba wa mkewe. Jua likishuka alipita nje ya baa, akawasalimia kwa heshima, akaenda nyumbani kula na Ronah. Alisikia vicheko vyao mpaka jikoni.

Siku zikapita. Mama mkwe akapiga simu kutoka Bwera, akauliza kahawa itachumwa na nani. Jonan alikuwa amesimama karibu wakati mzee akijibu, kwa sauti ya mtu wa kanisa, kwamba angependa sana kuja, ila njia ina kiboko.

Mwishowe mama mkwe alikuja mwenyewe, akamchukua. Jonan aliwasindikiza hadi Kikorongo na kifurushi cha samaki waliokaushwa, akawapandisha gari, akarudi kwa haraka. Benchi lilikuwa tupu upande wake. Okot alimpigia saluti. Erina akafungua chupa.

Jonan hakufika nusu ya chupa. Alijikuta akigeuza shingo kila mara kutazama njia, akijiuliza Ronah amepika nini. Akainuka, akaaga. Okot alimwita msaliti kwa lugha mbili, na akaendelea kumwita hivyo mwezi mzima.

Ronah alipomwona mlangoni kungali mwanga, alimgusa paji la uso kama ana homa, akamsogezea kigoda.