Nani Alimwita Adui

Chumba cha Swalihu kilikaa miaka kumi na minne bila mtu. Kila Ijumaa mama yake, Salha, alikifagia, akafungua dirisha hewa iingie, kisha akafunga tena. Haikumpitia akilini kwamba siku moja atakipangisha. Lakini mitumba ilipojaa Dodoma, watu waliacha kushonesha suruali. Mumewe, Hamidi, fundi cherehani aliyewahi kuvalisha nusu ya mtaa wa Makole, akabaki barazani kutwa nzima akibadilisha zipu na kukunja mapindo ya nguo za Wazungu. Ndipo, mapema mwaka 1993, wakakubaliana kutafuta mpangaji.

Aliyekuja alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, amebeba begi moja la nguo na mawili ya karatasi. Jina lake Yasinta. Alipiga goti kidogo mlangoni, akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kagera, mama. Misenyi, ng'ambo ya mto."

Salha alikuwa ameshika ufunguo wa chumba. Akaubana kiganjani mpaka meno ya ufunguo yakamwachia alama. Huko huko ng'ambo ya mto ndiko walikoambiwa mwanawe ameanguka, wiki ya kwanza ya uvamizi, mwaka 1978. Alifungua mlango, akamwonyesha msichana kitanda.

Jioni ile, wakila ugali wa uwele na mlenda, Hamidi alimuuliza mgeni kilichomleta Dodoma. Yasinta akaeleza kwamba amekuja kuwahoji wabunge wazee, wale waliokuwamo bungeni wakati wa vita vya Kagera, maadamu kikao cha Bunge kimewaleta wote mji mmoja.

"Unawahoji nini?"

"Msimamo wetu, baba. Miaka saba tulikataa kumtambua Amin, tukampa hifadhi rais ambaye Amin alimpindua. Nataka kujua kama msimamo ule ulimchokoza akatuvamia, au ndio uliomzuia asije mapema zaidi."

Hamidi aliweka tonge chini.

"Hilo nalo la kuuliza? Mtu anaua raia wake, anawatupa mtoni, nawe umpe mkono? Mwalimu alikataa, na alifanya sawa. Andika hivyo, umalize shule yako."

"Sawa, baba," Yasinta akajibu kwa upole, lakini Salha aliona jinsi alivyoinamisha macho, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Salha naye alinyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa zamani. Kwa miaka yote ile alikuwa na swali moja ambalo hakupata kumwambia mtu: kama Mwalimu angekubali kwenda kumpa yule nduli mkono, wakapiga picha, wakanywa chai, Swalihu asingekuwa hai leo? Mwanzoni hakulisema kwa sababu swali la namna ile halikusemwa ovyo. Sasa vyama vingi vimeruhusiwa, magazeti mapya yanaandika lolote, lakini bado hakulisema. Alimwogopa Hamidi. Si kwamba angempiga, hakuwahi kumpiga. Ila kila likitajwa jambo la vita, uso wa mumewe ulifungwa kama duka, na Salha hakuwa na ufunguo wake.

Basi siku zikaenda. Asubuhi Yasinta alikwenda kwa wabunge, alasiri alirudi na vumbi miguuni, akaketi uani kwenye kigoda na kusoma alichoandika, huku Salha akichambua majani ya mlenda ya kuanika. Alisoma kwa sauti, maana alisema kosa husikika kabla ya kuonekana. Salha akazoea. Ikafika mahali akawa anamwekea chai kabla hajafika.

Siku moja msichana alitupa kalamu.

"Nimekwama, mama. Mbunge mmoja ameniambia Amin alikuwa akisikia hotuba zetu redioni anachemka, ndipo akaamua kutuonyesha. Mwingine anasema hotuba hazikuwa na maana yoyote. Jeshi lake mwenyewe lilikuwa linaasi, akahitaji adui wa nje ili askari wake wasimgeukie. Wa tatu anasema alituona wachache mpakani, akajua hatutampiga. Wote watatu walikuwapo. Nimwamini nani?"

Salha aliendelea kuchambua majani. Kisha akajisikia anasema, kana kwamba ni mtu mwingine:

"Na kama angepewa mkono? Angekuja?"

Yasinta alimtazama. Akavua miwani.

"Sijui, mama. Kweli sijui. Bibi yangu naye huniuliza hivyo hivyo. Yeye humlaani kila mtu: Amin, serikali, wabunge, hata redio iliyotangaza." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. "Nilikuwa na miaka saba. Walichukua ng'ombe, wakachoma nyumba. Babu alirudi kufungua mbuzi, hatukumwona tena. Askari wetu walituvusha mto, watoto tukiwa mabegani mwao."

"Mwanangu alikuwa huko," Salha akasema.

"Nilihisi, mama. Niliona picha yake ukutani. Siwezi kukuambia nilimwona, wala aliyenibeba simkumbuki sura. Nakumbuka shingo yake tu, ilikuwa na jasho."

Salha aliinuka, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na bati la biskuti ambalo hakulifungua tangu msiba. Ndani mlikuwa na barua za Swalihu, tisa. Zilipokuwa zinafika, Hamidi ndiye aliyemsomea, maana kisomo cha watu wazima kilimwachia kujua jina lake na bei za sokoni, si zaidi.

"Nisomee," alisema. "Huenda zikakusaidia."

Yasinta alisoma moja baada ya nyingine, taratibu. Sauti ya kijana ikaujaza ua. Swalihu alieleza kwamba wamelima mchicha nyuma ya kambi. Kwamba usiku kuna baridi, mama asikose kumtumia sweta. Kwamba wao ni wachache mno, na askari wa upande wa pili huja karibu na mpaka kuomba sigara, nao huwapa, maana wameagizwa wasichokozane na mtu. "Mama, yule mmoja ananiita shemeji," aliandika, na Salha akacheka huku machozi yakimtoka, kwa kuwa mstari ule aliukumbuka neno kwa neno.

Barua ya mwisho ilikuwa ya katikati ya Oktoba. Salha aliijua nayo. Ilianza na salamu, ikaja habari ya sweta, ikaisha na salamu kwa majirani. Lakini Yasinta, baada ya sweta, alisoma hivi:

"Baba, nimepata jibu lako kuhusu ruhusa. Mkubwa wangu alikuwa tayari kuniachia nije nyumbani sasa hivi, lakini umesema kweli, haipendezi mwanamume kuondoka wakati jirani anatutukana. Nitangoja Idd el-Hajj."

"Rudia," alisema Salha.

Yasinta akarudia, sauti ikimpungua. Idd el-Hajj ya mwaka ule iliangukia Novemba. Wakati huo Swalihu alikuwa ameshazikwa.

Salha aliichukua barua, akaenda nayo barazani. Hamidi alikuwa ameinamia suruali ya jinzi, sindano mdomoni. Akaiweka barua juu ya meza ya cherehani, mbele ya macho yake. Hakuhitaji kumwonyesha mstari.

Hamidi alitoa sindano mdomoni.

"Niliuruka," akasema. "Siku ile nilipokusomea niliuruka kwa sababu wewe ulikuwa umekwisha kuanza kuulizia mbuzi wa Idd. Nikasema nitakwambia akifika, tutacheka. Halafu hakufika."

Salha alirudi ndani.

Siku tatu nyumba ile haikusikika sauti. Salha alipika, akapakua, akaondoka. Yasinta alitaka kuhama, akaona amebomoa nyumba ya watu. Salha akamkataza. "Kosa si lako. Wewe umesoma kilichoandikwa."

Aliwaza. Akifua aliwaza, akitwanga aliwaza. Alimwona Hamidi wa wakati ule, kifua mbele, akiwaambia wateja kwamba mwanawe yuko mpakani na hatatikisika. Akamchukia kwa siku nzima, chuki safi isiyochanganyika na kitu. Siku ya pili chuki ikaanza kumchosha. Siku ya tatu, amekaa peke yake uani na ungo mapajani, akajiuliza jambo ambalo hakuwa amejiuliza: na mimi ningeulizwa, ningemjibu nini?

Hakutaka kujidanganya. Akairudia Oktoba ile. Alikuwa amekwisha kuanza kuulizia mbuzi. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mama yake Jaha, jirani, kuhusu kumposea Swalihu binti yao, na mipango yote ilikuwa ya Idd, ndugu wa Kondoa wakiwapo, nyumba imejaa. Swalihu kuja Oktoba, peke yake, siku nne tu, kisha Idd asiwepo? Angemjibu: ngoja, mwanangu. Ngoja Idd uje tukuone wote.

Mkono wake ukatulia juu ya ungo. Lilikuwa neno lile lile. Hamidi alilisema kwa fahari, naye angelisema kwa mapenzi, na kijana angengoja vile vile.

Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, alimkuta Hamidi barazani. Alivuta kiti, akaketi karibu, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Baba Swalihu. Ningekuwa mimi niliyeandikiwa, ningemwambia angoje Idd."

Hamidi hakuinua kichwa. "Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nimefikiri siku tatu nikitafuta jibu jingine, sikulipata. Ningemwambia angoje."

Mabega ya fundi yakaanza kutikisika. Salha hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya matanga. Alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Wapita njia waliamkia, Salha akawaitikia kwa niaba ya wote wawili.

"Unajua kwa nini sikutaka mtu amguse Mwalimu?" Hamidi akasema mwishowe. "Nilimwandikia mtoto maneno ya redioni. Yale yale. Kwa hiyo nikasema, kama mzee amekosea, basi na mimi nimekosea. Na kama amepatia, na mimi nimepatia. Miaka yote hii nilikuwa namtetea yeye ili nijitetee mimi."

"Na mimi nilimlaumu moyoni," Salha akasema. "Miaka yote hii. Nilidhani angempa yule mtu mkono, mwanangu angerudi. Sikukwambia."

Hamidi alimgeukia. Akamtazama kama anayemwona upya.

"Kumbe tulikuwa tunagombana," alisema, "na hatukujua."

Alasiri ile Yasinta aliporudi alikuta vikombe vitatu uani. Hamidi mwenyewe ndiye aliyemwambia azichukue barua, anakili anachotaka.

"Hata ile ya sigara, baba?"

"Hiyo ndiyo uanze nayo."

Wakazungumza mpaka magharibi. Yasinta alieleza alivyoanza kuona. Maneno yetu yalikuwa makali, alisema, lakini pale mpakani palikuwa na vijana wachache na bustani ya mchicha. Nduli aliyasikia maneno akakasirika, akaona mpaka akapata tamaa. Tungenyamaza, pengine angechelewa. Tungeweka jeshi kubwa, pengine asingethubutu. Na kwa kuwa kwake kulikuwa kunawaka, pengine angekuja hata kama tungempa mikono yote miwili.

"Basi ni pengine tupu," Hamidi akasema.

"Ni pengine, baba. Isipokuwa kimoja. Kuvuka mto aliamua yeye. Hakuna hotuba iliyomshika mkono ikamvusha, wala barua. Hilo nitaliandika bila pengine."

Salha alikuwa akisikiliza, kikombe kimepoa mkononi. Alijisikia kama mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya safari ndefu, ambaye shingo bado haiamini.

Mwezi wa nane, Yasinta alipokwisha kumaliza chuo, aliwaandikia waende Kagera. Wakapanda treni ya Mwanza, kisha meli ya Bukoba, wazee wawili ambao hawakuwahi kuona maji mengi kiasi kile. Hamidi alitapika njia nzima. Msichana aliwapokea bandarini, akawapeleka kwanza kwenye makaburi ya askari. Safu zilikuwa nyingi, nyeupe, za Waislamu na Wakristo pamoja. Walimpata katika safu ya nne. Hamidi aliomba dua, kisha akachutama, akamweleza mwanawe yote, kuhusu barua na mstari alioruka, kwa sauti ya kawaida kama wako barazani. Salha alingoja amalize. Halafu akamwambia Swalihu kwamba mama naye angesema vile vile, asimlaumu mzee.

Usiku ule walilala Bukoba, na kesho yake wakavuka mto kwenda kwa bibi yake Yasinta. Kulikuwa kijani kila upande, migomba mpaka mlangoni. Bibi Evodia hakujua Kiswahili zaidi ya karibu na asante. Yasinta alimweleza kwa Kihaya wageni ni akina nani. Mwanamke yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimshika Salha mkono, akamvuta jikoni, akamkalisha na kumpa kisu na mkungu wa ndizi mbichi.

Salha, mtu wa uwele na mlenda, hakujua pa kuanzia. Utomvu ukamganda vidoleni, ganda likamtoka na nusu nzima ya nyama ya ndizi. Bibi Evodia akaitazama ile ndizi iliyobaki nyembamba kama kidole, akaishika juu, akaita watu wa nyumba waje waione. Vicheko vikawashika wote wawili, wakashindwa kujizuia, wameegemeana kati ya maganda.

Nje, Hamidi alikuwa akizungumza na Yasinta kuhusu kazi ambayo msichana aliiomba serikalini. Akanyamaza katikati ya sentensi.

"Unamsikia?" akamwuliza.

"Namsikia, baba."

"Mama Swalihu huyo," alisema, na akakaa kimya ili asikie zaidi.