Kamba ya Mafundo

"Mama Rubeni, huyo mkamwana wako anaumwa tumbo au anaumwa jembe?"

Nyangi, jirani yangu, aliniuliza hivyo wakati wa palizi, mwaka 1954, hapa Kenyamonta. Watu shambani wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, maana Mokami, mke wa mwanangu, alikuwa amelala ndani tena.

Lakini nilikuwa nakaa naye. Mkwepa kazi hang'ati shuka akiwa usingizini. Nikachukua kamba ya katani. Kila siku aliyoumia nikafunga fundo, na siku za damu nikaongeza uzi mwekundu; siku za nafuu nikaacha patupu. Asubuhi niliishika nikisali, nisimfiche Mungu hata siku moja. Kisha niliitundika kwenye nguzo ya nyumba.

Shemeji yangu Nyangwine, mdogo wa mume wangu, akaiona. Mokami alikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, na shemeji alikwisha sema arudishwe kwao. Sasa akatangaza kwamba mchawi ni mimi, nimemfunga binti kizazi kwa mafundo. Niyafungue kabla ya mavuno, la sivyo binti aondoke. Mokami akaanza kukunja nguo zake.

Sikufungua hata moja. Nilimpandisha kwenye lori, kamba kikapuni, mpaka hospitali ya misheni.

Daktari, mzungu, alipomuuliza maumivu huanza lini, Mokami akaona haya, akainama. Nikatoa kamba. Yule mzungu aliipitisha vidoleni polepole, kama anasali rozari: mafundo matano, uzi mwekundu, kisha patupu, mafundo sita, uzi mwekundu, patupu. Miezi kumi na mmoja. Akamwita Athanas, msaidizi wake, aje aone.

Athanas ndiye aliyetueleza. Nyama ya ndani ya mji wa mimba imeota nje, mahali si pake, na kila mwezi inatoa damu isiyo na njia. Vitabu vyao vilisema ugonjwa huo ni wa wanawake wa Ulaya. Daktari alikuwa anachunguza kama na huku upo, ila wanawake humwambia tu, tumbo linauma.

"Mama, umesoma wapi?" daktari akaniuliza.

"Darasa la nne, baba. Lakini mafundo sikufundishwa shule."

Walimpasua Jumatano. Walitoa uvimbe uliojaa damu ya zamani, nyeusi kama uji wa ulezi ulioungua, wakabandua na vipande vilivyoota pembeni, mji wa mimba wakauacha. Daktari akaomba kamba aiweke pamoja na maandishi yake. Nikampa.

Msimu uliofuata Mokami alilima mpaka Nyangi akamsihi apumzike, anawaumbua wenzake. Nikamuuliza Nyangi kama sasa yeye ndiye anaumwa jembe.

Nyangwine, alipoikuta nguzo tupu, alitamba kila kilabu kwamba nimeogopa, nimefungua. Nikamwacha atambe. Mwaka wa pili Verdiana akazaliwa, na shemeji akaja kwangu kifua mbele, akaketi, akangoja ashukuriwe.

"Unaona?" akasema. "Umefungua mafundo, mtoto amekuja."

Nilikuwa nimempakata mjukuu, Nyangi ameketi kando yangu.

"Kamba anayo daktari, shemeji. Iko kabatini kwake. Haijafunguliwa fundo hata moja."

Nyangi akaangua kicheko. Chumba cha pili nikamsikia Mokami, mwenye haya zake, akicheka mpaka akakohoa. Nyangwine akaitazama nguzo, akamtazama mtoto. Akachukua fimbo yake, akainama mlangoni, akatoka.