Goti Lisilo na Kosa

Jana usiku niliota goti langu la kushoto limekuja kunisalimia. Lilikaa kwenye kiti cha wageni, likakohoa kidogo, likaniuliza limenikosea nini.

Mimi Mkude ni fundi wa vigae hapa Morogoro, na fundi wa vigae hula kwa magoti yake. La kulia limekuwa likiniuma tangu masika, nalo ndilo nililolipeleka hospitali. Jumatatu napasuliwa. Nikalijibu la kushoto kwamba halina kosa lolote, ni zima kabisa, na ndilo linaloniweka mjini.

"Basi kasome faili lako," likasema. "Kuna neno humo linanihusu."

Nikalieleza kuwa faili ni la daktari, si la mgonjwa. Mara zote nimelibeba dirisha hadi dirisha bila kulifungua, kama niliyetumwa kupeleka barua ya mtu mwingine. Goti likaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na kiungo changu mwenyewe, na niliona aibu.

Tunaondoka. Mlango wa chumbani unafungukia moja kwa moja kwenye ofisi ya kumbukumbu za hospitali. Mafaili yamekaa kwenye mabenchi, yanapiga soga na kulalamikia foleni. Wagonjwa ndio waliopangwa kwenye rafu, kila mmoja na kibandiko shingoni.

Dirishani kuna muhuri wa mbao, mnene, umevaa miwani. Nikauamkia. Ukaitika marahaba, kisha ukaniagiza nipande kwenye rafu ya herufi M, nisubiri mpaka faili langu litakapopenda kuniona.

Hapo nikachemka.

"Naomba kuliona mimi," nikasema. "Mwili ni wangu, na habari zake ni zangu."

Muhuri ukavua miwani. Ukasema tangu uchongwe hakuna aliyewahi kuomba. Kumbe Ruhusa mwenyewe alikuwapo siku zote: mama mfupi aliyekaa pembeni, akifuma kitambaa kwa kukosa kazi. Akaweka sindano chini, akanishika mkono kwa furaha ya mtu aliyepata mgeni.

"Mgonjwa ataelezwa kwa lugha anayoielewa," akatangaza.

Kanuni ikaanza kazi papo hapo. Faili likafunguka, maneno yakashuka kutoka kwenye karatasi yamevaa makoti meupe, yakajipanga mbele yangu. Yalikuwa marefu, ya kigeni, na yenye maringo. Nikaliuliza la kwanza maana yake. Likajikuna, likajibu kwa Kiluguru safi cha kwetu kwamba lenyewe ni gegedu lililosagika, basi. La pili likakiri ni uvimbe tu. Moyo ukanitulia, maana kwa urefu wao nilidhani ni kifo. Likabaki neno moja fupi, limejibanza nyuma ya wenzake.

"Na wewe?"

"Kushoto," likasema, likitazama chini.

Goti langu la kushoto likaketi sakafuni.

Ofisi sasa ni chumba cha upasuaji. Daktari Mdoe, anayenitibu, amesimama na kisu. Nikamwambia goti bovu ni la kulia. Akafikiri, akasimama mbele yangu kama siku ile aliponipima, akanyoosha mkono wake ulioelekea goti bovu. Ulikuwa wa kushoto.

"Niliandika upande wangu," akasema taratibu. "Basi faili linanihusu mimi."

Akakunja suruali, akapanda mezani, akanikabidhi kisu. Nikamwomba ashuke. Nikamwambia kusahihisha kunatosha, naye akanishukuru sana.

Muhuri ukasema sahihisho lazima litiwe saini na mhusika. Goti la kulia, ambalo usiku kucha halikutamka neno, likachechemea hadi kwenye kidau cha wino, likajichovya, likajigandamiza kwenye karatasi. Lile neno fupi likavua koti, likaondoka. Nafasi yake ikakaliwa na "kulia", limevaa kama mimi, na vumbi la saruji begani.

Ndipo wagonjwa waliposhuka kutoka kwenye rafu. Walivua vibandiko, wakaita mafaili yao kwa majina, na mafaili yakaitika "abee" na "naam", yakasimama kwenye mabenchi, yakajifungua yenyewe. Mama Ruhusa alikuwa anakimbia huku na huku, kwa mara ya kwanza akilalamika kuwa kazi ni nyingi. Nilicheka mpaka nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mke wangu, Salome, alikuwa ameshika ncha ya shuka.

"Baba Tekla, wino huu umeutoa wapi?"

Nikatazama. Goti langu la kulia lilikuwa zambarau tupu.

Nikamwambia avae, tunakwenda hospitali. Akauliza kama maumivu yamezidi. Nikasema hapana, nakwenda kusoma.