Mzee Norris Ataka Matembezi

Walikuwa hawajatoka hata nje ya mji wa Hawes, na tayari Hilary alishatamani kumshusha baba yake kando ya barabara amwache hapo.

"Kanyaga klachi, iachie, kanyaga tena, ndipo ushushe gia," alisema mzee Norris Alderson. "Hili si basi, mwanangu. Hili hubembelezwa."

"Ninalibembeleza, baba."

"Unalikwangua. Hata kondoo wanageuka kutazama."

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la wazi, la viti viwili, tena limekaa chini mno. Ukinyoosha mkono ungeweza kung'oa majani. Mzee alilinunua kabla Hilary hajazaliwa. Sasa macho yake yalikuwa yameharibika katikati, akimtazama mtu anaona masikio tu bila uso, na leseni alikwisha kuirudisha. Gari likabaki bandani, linafutwa vumbi na kupakwa nta kama la bwana harusi. Muda wote huo Hilary alimwimbia wimbo mmoja: liuze, baba. Mzee akatia pamba masikioni. Kisha wiki hiyo akapiga simu kwamba anataka matembezi, kuvuka mlima hadi kijiji cha Muker, na gari lisifunikwe turubai.

"Mvua itanyesha," Hilary alimwambia.

"Ukienda kasi inapita juu ya kichwa."

Haikupita. Manyunyu ya baridi yaliwaingia shingoni, na kasi haikuwezekana kwa sababu mbele yao trekta lililobeba marobota ya majani lilikuwa likijikokota katikati ya barabara.

"Lipite!" mzee alifoka.

"Kuna kona."

"Mimi ningelipita."

"Wewe huoni, baba!"

Hilary alijua amemchoma, ila alikuwa ameloa mno kuomba radhi.

Trekta lilipokata kuingia shambani, mvua ilikuwa imekatika. Walipofika juu ya mlima mawingu yakapasuka, na bonde zima likafunguka chini yao.

"Simama hapa," mzee alisema. "Niambie unaona nini."

Hilary akavuta pumzi ndefu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. "Malisho. Kuta za mawe. Ng'ombe."

"Ng'ombe wa rangi gani?"

"Baba, jamani! Weusi. Mmoja ana mkanda mweupe tumboni. Jua limepiga upande wa kushoto tu, huko majani yamekuwa ya manjano, na huku bado kijani cha giza."

"Umesahau mto."

"Nilikuwa nauendea huo mto!"

"Haya, uendee."

Akamsimulia mto, na daraja lake, na mabanda ya mawe, moja moja, mpaka mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Huko Muker mzee alimwelekeza aegeshe kando ya ukuta wa hoteli. Mwanamke aliyevaa kofia ya sufu alikuwa amekaa kwenye benchi. Alipowaona akainuka.

"Bwana Alderson? Mimi ni Thelma Raine. Tulizungumza kwenye simu. Kumbe ni zuri hivi!"

Mzee alitoka garini kwa taabu, akamwomba Hilary ufunguo, kisha akaupapasa mkono wa yule mwanamke na kumtilia ufunguo kiganjani. "Asubuhi za baridi gari hili huwa na kiburi," alisema. "Usilikasirikie."

Hilary alitoa macho. "Baba. Umeliuza?"

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ungefurahi," mzee alisema. "Sikutaka kupanda mlima huu na mtu mwenye furaha."

Hilary akakumbuka jambo lingine. "Na sisi tunarudije? Leo Jumapili, baba, mabasi hakuna!"

"Hilo sikuliwaza."

Bi Thelma, uso umemwiva kwa haya, akajitolea kumrudisha mmoja wao, maana kiti cha abiria ni kimoja tu. Mzee akakataa katakata. Hawezi kubebwa kama mgeni katika gari lake. Basi mwanamke akaliwasha, akaondoka polepole, na mzee akageuza kichwa kulifuata kwa masikio mpaka sauti ikamezwa na mlima.

Wakaita teksi, lakini ingechelewa. Wakaingia hotelini, wakaagiza nyama ya ng'ombe ya kuoka na mchuzi. Hilary alikula kwa hasira, akigonga sahani kwa uma. Alipoinua macho, mzee alikuwa amekaa mikono mapajani, chakula hakijaguswa.

Hilary akaivuta sahani ya baba yake na kuanza kumkatia nyama.

"Usinikatie. Mimi si mtoto."

"Basi kula, inapoa," alisema Hilary, akaendelea kukata.

Mzee akasubiri amalize, kisha akaupapasa uma wake mezani na kuanza kula.